Chombo cha Mama na Maziwa ya Soko

Mjukuu wangu anayeandika maneno haya huniita ayeeyo, yaani nyanya, nami humwita ayeeyo vilevile. Ndiyo desturi ya lugha yetu ya Kisomali: mdogo humwita mkubwa kwa jina la undugu wao, na mkubwa humrudishia jina lile lile, kama anavyorudishiwa salamu. Mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama, shangazi humwita mpwa wake shangazi. Mtoto akiita asirudishiwe jina, hata mpita njia hujua kwamba katika nyumba ile kuna jambo. Ninalitanguliza hili kwa sababu mwanamke aliyekuja kwangu kutoka Diff, kule mpakani, aliniita habaryar, ambalo ni jina la dada wa mama, tangu saa aliyoshuka kwenye lori, nami nikakaa miezi mingi bila kumrudishia.

Mimi sikupelekwa shule. Kiswahili nilikipata katika soko la Garissa, kwa kununua na kuuza na kubishana na watu wa bara na watu wa mtoni, na nilikisikiliza kwa makini kwa sababu asiyeielewa lugha ya soko hupunjwa. Mjukuu nimemwonya asiongeze wala asipunguze. Kila akimaliza ukurasa hunisomea, nami humsikiliza nimefumba macho, nikitafuta neno ambalo silo langu. Amekwisha kujaribu kuingiza neno "ghafla" mahali ambapo hakuna lililotokea ghafla, nikamwambia alifute.

Mwanamke huyo alikuja wakati wa kiangazi, ngamia wetu wakiwa wamehamishwa na mwanangu kuelekea upande wa Modogashe. Alikuwa mtu mzima, uso umeliwa na jua, mkononi ana bunda la nguo na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka kama mtu abebavyo mtoto mchanga. Alisalimu vizuri. Alipokwisha kunywa maji alisema, "Habaryar, mimi ni binti wa dada yako mdogo."

Dada yangu mdogo aliolewa upande wa mpakani wakati mimi nilikuwa tayari na watoto. Kisha ikaja miaka ya ukame na ya vurugu, njia zikafungwa, na habari za kifo chake zilinifikia kwa vinywa vya wasafiri, kila msafiri na habari yake. Mmoja alisema aliacha mtoto. Mwingine aliapa kwamba hakuzaa kamwe.

Mgeni wangu hakuficha alichokitaka. Alikuwa hana kitambulisho. Baba yake amekufa na watu wa baba yake wametawanyika ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo upande wa kumshuhudia uliobaki ni wa mama. Wazee wa kamati inayosikiliza mambo ya namna hiyo walimtaka alete mtu wa ukoo wa mama yake, asimame mbele yao na kuapa kwamba anamjua. Katika nyumba ya baba yangu waliobaki wanaomkumbuka dada yangu si wengi: ni mimi. Nikisema ndiyo, atapata karatasi, atapita vizuizi vya barabarani akiwa ameinua uso, na watoto wake watapata zao. Nikisema hapana, atarudi alikotoka, na mlango huo hautafunguliwa tena.

Nilimpa chumba, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Moyo sikumpa. Barabara ile ya mpakani imejaa watu wanaohitaji habaryar, na nimekwisha kusikia habari za waliofundishwa nasaba ya watu wengine kama watoto wanavyofundishwa wimbo. Nikamjaribu. Nikamwambia anitajie baba zangu. Akaanza kwa baba yangu, akapanda, akapanda, jina juu ya jina, hadi kule ambako hata mimi hulazimika kupunguza mwendo, na hakukwama popote. Mke wa mwanangu alikuwa akichambua mchele. Aliinua kichwa, akasema kwa furaha, "Hooyo, amemaliza wote!"

"Nimesikia," nikasema. "Hata redio humaliza wote."

Kisha nikamuuliza jambo dogo, kama lisilo na maana. "Chombo chako cha maziwa unakifukiza kwa mti gani?"

"Kulan," akajibu.

Nyumba ya mama yangu haikufukiza kwa kulan hata siku moja. Tulifukiza kwa mareer, na mama aliweza kuitambua harufu ya mareer kwa chombo kilichofunikwa. Nikaliweka jibu lile mahali pake, na tangu hapo kila alichofanya mgeni yule nilikipima juu yake.

Hapa lazima nieleze chombo. Dhiil, ndilo jina lake, hufumwa kwa nyuzi za mizizi, zikabanwa hadi zisivuje. Hakioshwi kwa sabuni. Hufukizwa kwa kijinga cha mti uliochaguliwa, kisha hutiwa maziwa ya ngamia, na maziwa hayo huchachuka yakawa susa, ambayo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Hayo yanajulikana na kila mtu. Ila nyumba ya mama yangu ilikuwa na sheria yake: maziwa yasiishe kabisa. Funda moja la zamani huwekwa kando katika kibakuli kilichofunikwa wakati chombo kinafukizwa, kisha hurudishwa ndani ili lipokee maziwa mapya. Na maziwa mapya yawe ya ngamia wetu wenyewe, yasiwe ya jirani, hata jirani awe mwema namna gani. Binti akiolewa, mama alimtilia funda moja katika dhiil yake mpya, akamwambia aondoke nalo. Majirani walituita wachoyo. Mama hakubishana nao. Aliwamiminia chai.

Mimi nililipata funda langu, na dada yangu alilipata lake. Vyombo vimechakaa na kufumwa vingine, lakini funda halijakatika. Kile alichokuwa amekikumbatia mwanamke wa Diff kilikuwa dhiil, na alisema ndani yake mna funda la dada yangu. Nilikitazama kwa mbali. Chombo mtu anaweza kukipata popote.

Kiangazi kile maziwa yalikuwa haba. Mwanangu alinitumia chupa ndogo kwa madereva wa malori, ya kukilisha chombo changu tu, nacho nilikifunga kwa kamba juu ya kitanda changu. Nyumba ilikunywa susa ya soko, iliyokaa jikoni katika jerikeni ya njano.

Ndipo akaja msichana wa chuo kikuu. Alitoka bara, alivaa viatu vilivyofunikwa na vumbi letu, na alibeba kisanduku cha baridi chenye vichupa vidogo kama vya dawa ya macho. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba katika bulla yetu, yaani mtaa wetu, akiomba maziwa kidogo kutoka kwa kila chombo cha zamani. Wanawake walimleta kwangu kwa sababu walitaka kuona nitamfanyaje.

"Mama," akaniambia, "katika maziwa yaliyochachuka wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Wao ndio wanaoyachachusha. Nataka kujua wa nyumba hii na wa nyumba ile wana undugu gani."

"Undugu? Wanaoana?"

"Hawaoani. Mmoja hujigawa akawa wawili."

"Kwa hiyo hawana baba."

"Hawana."

"Basi umekuja bure. Ukoo ni wa baba."

Wanawake wakacheka. Msichana naye akacheka, lakini hakuondoka. "Wana mama tu," akasema, "na mama wa mama. Anapojigawa hunakili maumbile yake yote, na mara chache hukosea mahali padogo. Kosa hilo hurithiwa na wote watakaotoka kwake. Nikilikuta kosa lile lile katika vyombo viwili, najua kwamba waliomo wametoka kwa bibi mmoja."

"Kama chapa kwenye shingo ya ngamia."

"Kama chapa, ila hakuna aliyeipiga."

Jibu lilikuwa zuri, na mimi majibu mazuri huniongezea wasiwasi. "Na ukishajua?"

"Nitarudi kuwaeleza."

"Na baada ya kutueleza, nitayakuta maziwa ya mama yangu dukani, ndani ya pakiti, yamechorwa ng'ombe anayecheka."

"Siyo hivyo, mama."

"Waliokutuma walikuapia kwamba siyo hivyo?"

"Hawakuniapia," akasema.

Nikainuka, nikachukua kikombe, nikaingia ndani. Sikwenda chumbani kwangu. Nilikwenda jikoni, nikainamisha ile jerikeni ya njano, nikajaza kikombe maziwa ya soko. Mjukuu wangu aliniona akauma ncha ya mtandio wake. Mke wa mwanangu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nikarudi, nikampa msichana kikombe kwa mikono miwili kwa heshima zote, kisha nikaketi kuitazama mikono yake nisije nikaibiwa hata hicho. Aliyefuata kuombwa alikuwa mgeni wangu. Aliingia ndani kwa kupitia nyuma, akatoka na kikombe chake ameinamisha macho. Msichana akaandika alama zake kwenye vichupa, akashukuru, akaenda zake.

Kamati ya wazee ilikaa katikati ya hayo, nikaitwa. Nikawaambia kwamba bado sijawa tayari kuapa. Mgeni wangu alisikia, akafunga virago vyake, akavifungua tena, akaenda kuteka maji. Hakuninung'unikia. Hilo nalo nilimwandikia dhambi, kwa maana mtu wa damu yangu angenung'unika.

Mvua zilinyesha, na msichana alirudi kama alivyosema. Wanawake waliketi juu ya mikeka uani kwangu. Akatueleza kwamba mahali maziwa ya kambi nyingi yanapomiminwa pamoja, koo za vijidudu huchanganyika, kama watu na malori yanavyochanganyika kwenye njia panda ya Modogashe. Lakini mahali chombo kinapofungwa na kutunzwa peke yake, waliomo hubaki wao kwa wao, na baada ya muda huwa watu wa kwao, tofauti na wengine wote. Halafu akanigeukia akiwa amejaa furaha. Alikuwa ameshajua sababu ya mgeni kuwa nyumbani kwangu. Bulla haina siri.

"Mama, chombo chako na cha mgeni wako ni kitu kimoja kabisa. Sikuona tofauti yoyote."

Mke wa mwanangu akapiga vigelegele. Wanawake wakamkumbatia mwanamke wa Diff, mmoja akaanza kunipongeza kwa kupata mtoto. Katika furaha ile wote walisahau jambo ambalo mimi sikulisahau: kikombe changu kilikuwa cha soko. Kama maziwa yake yalikuwa sawasawa na yangu, basi na yake yalikuwa ya soko, na lile funda la dada yangu lilikuwa uongo. Nikaketi katikati ya vigelegele, nikaona kwamba nilikuwa na haki tangu siku ya kwanza.

Wageni walipotawanyika nikamwita nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Wewe mwanamke," nikamwambia, "maziwa uliyompa msichana yalitoka katika chombo cha mama yako?"

"Kwa nini unauliza, habaryar?"

"Kwa sababu yangu yalitoka katika jerikeni ya njano. Maziwa ya soko. Na yako yamekuwa sawa na yangu. Sasa niambie hicho unachokibeba kama mtoto mchanga kina nini ndani."

Nilingoja machozi. Machozi ninayajua, sikutishwa nayo. Lakini yeye alinitazama, akaweka mkono mdomoni, na kilichotoka kilikuwa kicheko.

"Habaryar, na mimi nilimpa ya jerikeni."

"Unasema nini?"

"Ile ile ya njano. Nilipitia mlango wa nyuma, wewe ukiwa umemkodolea macho msichana. Ulitaka nimpe funda la mama yangu mtu nisiyejua kwao, nisiyejua kisanduku chake kinakwenda wapi? Wallahi, ningemtemea mate kikombeni kwanza."

Nikamtazama sana. Jibu lilikuwa zuri mno. Mwongo mwerevu, akishikwa pale pale, angejibu hivyo hivyo. Lakini mjukuu wangu alipoulizwa, alikumbuka kumwona mgeni akiinama jikoni siku ile, alidhani anakunywa.

"Lete chombo," nikasema.

Akakileta, akakifungua mbele yangu. Harufu ya moshi wa kulan ikanijia. "Mama yako alizaliwa katika nyumba ya mareer," nikamwambia.

"Najua. Alisema. Karibu na sisi mareer ilikatwa ikaisha, watu walikuwa wengi. Alitafuta mpaka akachoka. Siku alipofukiza kwa kulan mara ya kwanza alilia, akaniambia, dada yangu angekuwa hapa angenitukana."

Ningemtukana, ndiyo. Hata hivyo hakuna jambo rahisi kuliko kumtungia marehemu machozi, na nikamwambia hivyo. Safari hii alinung'unika. Alisema maneno kuhusu wanawake wazee wa mjini ambayo sitayaruhusu yaandikwe.

Nikaagiza msichana aitwe kabla hajaondoka Garissa. Nikataka maziwa yachukuliwe upya, uani, mchana, mbele ya macho ya watu, kila mmoja afungue chombo chake mwenyewe na asiguse cha mwenzake. Msichana alikuja, akasikiliza, uso wake ukabadilika.

"Kwa hiyo mlinidanganya wote wawili."

"Ulisema unataka maziwa," nikamjibu. "Ulipewa maziwa."

Hakucheka. Akawageukia wanawake waliokuja kutazama. "Na ninyi wengine?"

Mmoja akaanza kung'oa uzi wa mkeka. Mwingine akaona jambo la maana sana kule mbinguni. Mwishowe jirani yangu wa upande wa barabara akashindwa kuvumilia, akanyoosha kidole kwangu. "Mimi niliazima maziwa kwake! Kwenye hiyo hiyo jerikeni!"

"Na mimi niliazima kwako," akasema aliyekuwa kando yake.

"Ningempaje ya mama yangu?" akauliza wa tatu, kama aliyeonewa. "Simjui."

Msichana akaketi juu ya kisanduku chake cha baridi, akafunika uso kwa mikono. Tulidhani analia. Alipoiondoa alikuwa akicheka kama mtu aliyechoka. "Nami niliona bulla nzima ni ukoo mmoja," akasema. "Nilishaanza kufurahi."

Siku ile nilianza kuwa na imani kidogo na kazi yake, wala si kwa sababu ya kicheko. Kazi ile ilikuwa imetwambia ukweli ingawa sisi tuliidanganya. Ilipewa maziwa ya jerikeni moja, ikasema haya ni ya jerikeni moja. Shahidi wa namna hiyo, asiyejua anachotakiwa kusema, mimi sijampata mara nyingi katika maisha yangu.

Nikafungua chombo changu kwa mkono wangu. Mwanamke wa Diff akafungua chake. Tulitazamana juu ya vile vichupa kama watu wanaogawana urithi. Nilikuwa sijawahi kumruhusu aingie chumbani kwangu, na kamba ya chombo changu nilikuwa naifunga kwa fundo ninalolijua mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa na hakika kwamba kati ya chombo na chombo halikupita hata tone.

Safari ya tatu msichana alitaka kunieleza kwa simu. Nikakataa. Sauti ya simu ni ya yeyote. Akaja, akaketi mkekani karibu nami, mgeni wangu akiwa mlangoni amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Wametoka kwa bibi mmoja," akasema. "Chapa walizo nazo sikuzikuta kwa wengine wowote, hapa mjini wala katika kambi nilizopita hadi Masalani."

"Sawasawa kabisa, kama mara ya kwanza?"

"Hapana, mama. Wa kwako wana chapa zao ndogo ambazo wa kwake hawana, na wa kwake wana zao. Waliachana zamani. Kila kundi lilibaki ndani ya chombo chake, likaendelea kubadilika peke yake."

"Na kama mwezi uliopita aliingia kwangu akaiba funda, akalitia katika chake?"

"Ningewakuta sawasawa, au wamechanganyika. Hawajachanganyika."

"Na kama alikiiba chombo chenyewe kule Diff, dada yangu alipokufa?"

Nilimsikia mgeni akivuta pumzi mlangoni. Msichana akatikisa kichwa. "Hilo hawawezi kuniambia," akasema. "Vyombo ni ndugu. Watu, sijui."

Nilimpenda kwa jibu lile. Kama angesema anajua, ningemfukuza.

Alipoondoka nilibaki mkekani hadi kivuli cha ukuta kikanifikia. Nilikuwa nimemshuku mwanamke yule kwa sababu aliwataja baba zangu bila kukosea, na nilikuwa nimemshuku kwa sababu alifukiza kwa mti mwingine. Nilimtaka awe sawa na mimi, na alipokuwa sawa sikumwamini. Sasa naambiwa kwamba sawasawa ilikuwa maziwa ya soko, na undugu ulikuwa katika zile tofauti ndogo. Hata hivyo lile swali la chombo cha wizi halikuondoka. Nikamwita.

"Miaka ya ukame," nikamuuliza, "ngamia wenu walipokufa, ulitia nini katika chombo?"

Hakufikiri. "Alibaki ngamia jike mmoja, mzee. Alitoa maziwa kidogo sana. Hayo yalikuwa ya chombo."

"Na ninyi?"

"Sisi tulikunywa ya majirani, walipokuwa nayo."

"Kwa nini hamkunywa ya kwenu, mkatia ya jirani chomboni?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hatuswali tukielekea tunakotaka. "Ya jirani? Katika chombo cha mama?"

"Majirani walisemaje?"

"Walisema tuna wazimu," akajibu. "Na uchoyo."

Mwizi wa chombo hutia maziwa anayoyapata. Mnunuzi wa chombo hutia maziwa anayoyapata. Mtu mwenye njaa, akiwa na akili zake, hutia maziwa anayoyapata. Na waliomo ndani ya chombo kile, wasiojua kusema uongo, walikuwa wamesema kwamba hakuna mgeni aliyewahi kutiwa humo. Ni nyumba moja tu ninayoijua duniani ambayo ingekinywesha chombo maziwa ya mwisho, na wenyewe wakaombe kwa jirani.

Kamati ilipokaa tena nilikwenda. Kilikuwa chumba cha viti vya plastiki, feni inazunguka bila kuleta upepo. Mzee aliyeongoza akaniuliza kama ninamjua mwanamke huyu.

"Sikumwona akizaliwa," nikasema, "na sitasema kwamba nilimwona. Nitasema ninachokijua." Nikawaeleza habari ya funda la mama, ya jerikeni, ya vyombo viwili vilivyofunguliwa juani, na ya ngamia jike mzee.

Mzee mmoja akawanong'oneza wenzake kwa sauti ya kutosha nisikie, "Ametuletea ushahidi wa maziwa." Mwingine akaniuliza huku akitabasamu ndani ya ndevu zake zilizotiwa hina, "Na hao vijidudu, mama, baba yao ni nani?"

"Hawana baba," nikamjibu. "Na huyu wa kwake amekufa. Mngekuwa na baba wa kumuuliza msingeniita mimi."

Tabasamu likaondoka. Aliyeongoza akainamia mbele. "Mama, swali ni moja. Utaapa kwamba ni wa kwenu, au hutaapa?"

Nikaapa. Kisha nikageuka. Mwanamke alikuwa amesimama karibu na mlango, mahali wanaposimama watu wanaojua kwamba huenda wakaambiwa watoke.

"Habaryar," nikamwambia, "njoo uketi hapa."

Hakusogea mara moja. Nikalazimika kuvuta kiti kwa mguu na kukipiga kwa kiganja. Wazee wale ni Wasomali kama mimi. Walisikia nilichomwita, na hakuna aliyeniuliza neno jingine.

Tulirudi kwa miguu, yeye amebeba viatu vyangu kwa sababu mchanga ulikuwa umeingia ndani. Alikuwa mwepesi wa ulimi kwa furaha. "Habaryar, tukifika unitilie funda la chombo chako katika changu. Viwe kimoja tena, kama zamani."

"Huna adabu," nikamwambia. "Kila chombo kitabaki na wake. Na ukikigusa changu nitajua."

"Utajuaje?"

"Nitamwita msichana."

Akacheka hadi akasimama njiani. Kisha akanifikia, akasema kwa sauti ya chini, kama anayenionya, "Basi na wewe, habaryar, changu usikiguse."